Mkopo hauzai tamthilia

Ukimwambia mtu wa Dar leo kwamba unaandika tamthilia, swali la kwanza atakalokuuliza ni inatoka chaneli gani. Na wala hakosei, neno lenyewe limehama, siku hizi tamthilia ni ile ya jioni ya Azam au DStv, mama anakaanga samaki jikoni huku sikio liko sebuleni, na ile ya jukwaani ambayo mwigizaji anatoka jasho hapohapo mbele ya macho yako imebaki kitu cha kidato cha tatu na cha nne, unaisoma kwa ajili ya mtihani, ukimaliza unamwachia mdogo wako kitabu. Mimi naona neno lilihama kwa sababu pesa ilihama kwanza. Waandishi wazuri ninaowajua, watu niliokaa nao kwenye mazoezi kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi, saa hizi wanaandika kwa ajili ya televisheni, wanalipwa kwa episodi, wana watoto wa kulipia ada, na siwezi kumlaumu hata mmoja.

Ninachotaka kuongea leo ni pesa ya umma, ile inayotoka kwenye kodi zetu kwenda kwenye sanaa. Nchi hii imeamua kwamba njia ya kumsaidia msanii ni kumkopesha, na kwa wasanii wengi kweli inasaidia, ila kwa tamthilia mpya ya jukwaani mkopo hauwezi kufanya kazi hata ukipunguza riba mpaka sifuri, kwa sababu kitu ambacho tamthilia mpya inahitaji kulipiwa ni kile kipindi ambacho bado ni mbovu.

Nianze na Mfuko wenyewe. Mfuko wa Utamaduni, wenye umri wangu wanaukumbuka, ulianza mwishoni mwa miaka ya 90, pesa kwa kiasi kikubwa ikitoka Sweden, na wakati ule ulikuwa unatoa ruzuku. Unaandika andiko lako, unalipeleka, likipita unapewa hela, unafanya kazi, unarudisha ripoti na risiti. Wafadhili walipoondoka ruzuku ikakauka na Mfuko ukalala usingizi mrefu. Serikali ikauamsha, na kuanzia mwisho wa 2022 pesa ikaanza kutoka tena, safari hii kama mikopo, inapitia mabenki. Nilifurahi jamani, na sifuti furaha yangu. Mtu mwenye studio akikopa akanunua kamera, ile kamera ataikodisha harusini Jumamosi na Jumapili. Bendi ikikopa ikanunua vyombo, vyombo vinazunguka. Fundi anayeshona maleba akinunua cherehani mbili za umeme, wiki ambayo hamna kazi ya sanaa atashona sare za shule. Hata mambo yakiharibika kamera ina bei yake, unaiuza. Sasa niambie mswada wa tamthilia ulioko kwenye rasimu ya pili, wenye kurasa arobaini na tukio la mwisho ambalo mwandishi mwenyewe halimkai rohoni, utauuza kwa nani.

Tupige hesabu, na hii ni hesabu ya mfano tu, kila mtu aliyewahi kupandisha igizo jukwaani anaweza kuweka namba zake. Waigizaji na mafundi jumla watu 12. Mazoezi siku 40, na hapo nimebana. Kila mtu nauli na chakula shilingi 10,000 kwa siku, sijasema mshahara, nimesema nauli na sahani ya wali maharage. Hiyo ni 4,800,000. Ukumbi, taa, jenereta la akiba maana umeme tunaujua, maleba, mabango, tuseme 3,000,000. Jumla 7,800,000 na hakuna aliyelipwa jasho lake, mwandishi hajapata kitu, dairekta hajapata kitu. Haya, ukumbi wa viti 200, tiketi 10,000, umeonyesha siku nne na kila siku nusu ya viti vimejaa, ambayo kwa tamthilia mpya ya mwandishi asiyejulikana ni bahati. Umepata 4,000,000. Umeanguka kwa 3,800,000, na benki haijaanza kudai riba.

Mtu atasema pandisha tiketi. Nani atalipa 25,000 kuangalia kitu ambacho hajui kama ni kizuri, kwenye mji ambao king'amuzi cha mwezi mzima unaweza kukilipia kwa hela ndogo kuliko hiyo? Mwingine atasema punguza watu, punguza siku. Ndo tunachofanya sasa! Ndo maana maigizo mengi ya jukwaani siku hizi ni ya watu wawili, meza moja na viti viwili, na mazoezi ya wiki mbili, halafu tunashangaa kwa nini hayana pumzi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliandika kuhusu hili tatizo kwa upana wake, wakaonyesha kwamba kiwanda kinaweza kutengeneza viatu vingi zaidi kwa saa kila mwaka lakini wanamuziki wanne wanaocheza kipande cha Schubert bado ni wanne na bado wanatumia dakika zilezile. Huwezi kumharakisha mtu anayelia jukwaani. Sasa kila kitu kingine kikiwa kinazalishwa haraka zaidi na mishahara ya mjini ikipanda, pengo la huyu anayelia linazidi kupanuka kila mwaka hata kama hakuna aliyekosea kitu.

Nikupe mfano wa kwetu ndo utaelewa ninaposema kipindi ambacho tamthilia bado ni mbovu. Grupu letu tulikuwa na mswada kuhusu nyumba ya urithi Magomeni, ndugu watano wanagombania, kila mmoja ana hoja na kila hoja ina haki ndani yake. Bibi mwenye nyumba nilikuwa nimemuua tukio la kwanza, ndo mgogoro unaanzia hapo. Tukakaa kusoma, siku ya kwanza kabisa, Jumamosi, darasa la shule ya msingi tulilopewa kwa hisani, madawati madogo magoti yanagonga juu. Dada aliyekuwa anasoma nafasi ya Bibi alipofika ukurasa wa sita akaweka karatasi chini akaniuliza, "Kaka, mbona nakufa kabla sijasema hii nyumba niliinunuaje?" Chumba kizima kikanyamaza. Maana ni kweli, hakuna hata mtoto mmoja kwenye ile tamthilia aliyekuwa anajua, na mimi mwandishi nilikuwa sijui. Kumbe mgogoro wote ulikuwa umelala palepale, kwenye miaka ya Bibi ya kuuza vitumbua asubuhi kabla jua halijatoka, na mimi nilikuwa nimemzika nao.

Lile swali moja lilibomoa tamthilia nzima. Ilibidi niandike upya kuanzia mwanzo, na wale watu wakae tena wasome, waniambie wapi pamekufa wapi pamepona, halafu niandike tena. Kazi hiyo kwa wanaolipwa kukaa nayo ni wiki sita. Sisi ilituchukua zaidi ya mwaka, kwa sababu mmoja anafundisha tuisheni, mmoja yuko dukani Kariakoo, mmoja amepata msiba Tanga, tukikosa wawili hatuwezi kusoma, tunarudi nyumbani. Nilikwenda benki moja kuulizia mkopo, sitaitaja na yule afisa hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinisikiliza vizuri kabisa, ila fomu aliyokuwa nayo mbele yake ilikuwa inataka mauzo ya miezi sita iliyopita, dhamana, na mpango wa marejesho. Akaniuliza bidhaa ni ipi. Nikamwambia bado tunaitafuta. Na hilo ndo jibu la kweli, sikuwa na lingine.

Kwenye kilimo mbona tunaelewa jambo hili bila shida? Pale Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha utafiti cha serikali, watu wamekaa miaka na miaka na mikorosho, wanapandikiza, wanapima, mbegu nyingi wanazitupa, chache zinatoka. Wanalipwa mshahara na kodi zetu wakati wote huo wa kutupa. Hakuna mtu aliyemwambia mtafiti akope benki halafu arejeshe kwa korosho ambazo mti wake haujazaliwa. Mkopo anachukua mkulima, baadaye, mbegu ikishakuwepo. Mimi naomba tamthilia ipangwe hivyohivyo, ruzuku kwenye mbegu, mkopo kwenye shamba. Tamthilia iliyokwisha onyeshwa, watu wameipenda, sasa unataka kuizungusha Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma, hapo nikopeshe, hapo nina kitu cha kukuonyesha na nitakulipa.

Watu wanasema tamthilia zetu za zamani zilikuwa nzito na wa siku hizi ni wavivu. Hebu angalia zile za zamani zilitoka wapi. Idara ya sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza 1967. Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile 1969, alikuwa mtu wa pale. Penina Muhando na Amandina Lihamba wamefundisha pale miaka mingi. Yaani ukichukua sehemu kubwa ya kile tunachokiita hazina ya tamthilia ya Kiswahili Tanzania utakuta kimeandikwa na watu wenye mshahara wa chuo kikuu cha umma au waliokuwa wanafunzi wake, wenye ukumbi wa kufanyia mazoezi, wenye wanafunzi wa kuigiza bure, wenye muda wa kukosea na kurudia. Ile ilikuwa ruzuku, tena kubwa, ila haikuwa imeandikwa hivyo popote. Kipaji walikuwa nacho, hilo sibishani. Lakini nina hakika kabisa kwamba Magomeni, Makongorosi na Masasi kuna vipaji vya kiwango kilekile leo, na hakuna anayewalipia hata nauli ya kuja kusoma rasimu.

Na haikuwa Mlimani tu. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, akasema utamaduni ndo roho ya taifa. Kukawa na vikundi vya taifa, na 1981 ukatoka humo Chuo cha Sanaa Bagamoyo ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mashirika ya umma nayo yakawa na vikundi vyao, Bima, DDC Kibisa, jeshi, Magereza, mwigizaji anaingia kwenye orodha ya waajiriwa, asubuhi mazoezi jioni onyesho. Nakubali kabisa kwamba mengi yaliyochezwa yalikuwa ya kusifia chama na viongozi, ngonjera juu ya ngonjera, na mtu aliyetaka kusema kingine ilibidi akifiche ndani ya kichekesho. Lakini watu walikuwa na muda. Masharti ya uchumi ya IMF na Benki ya Dunia ya katikati ya miaka ya 80 yalipofika mashirika yakaanza kubana matumizi na vikundi ndo vilikuwa vya kwanza kukatwa. Waliobaki ni wale waliojitegemea kwa kiingilio cha baa, Muungano, Mandela, baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya 1992 iliyokuwa na chama, CCM, nyuma yake, na kwenye baa igizo ni nusu saa katikati ya sarakasi na taarab, lazima lichekeshe, lazima liishe kabla watu hawajainuka. Sikidharau kile kizazi, walikuwa mafundi wakubwa. Nasema tu ukibadilisha anayelipa umebadilisha na kinachoandikwa.

Na baada ya shirika la umma akaja mfadhili. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoniuma zaidi. Tangu miaka ya 90 pesa kubwa ya igizo la jukwaani nchini imekuwa pesa ya ujumbe, UKIMWI, mimba za utotoni, vyoo, ukeketaji, uchaguzi wa amani. Nimecheza mengi hayo, nimelipwa posho, nimeona wamama kijijini wakisimama baada ya igizo kusema mambo ambayo hawajawahi kuyasema mbele za watu, kwa hiyo siyakejeli. Ila ujumbe unafika ukiwa umeshaandikwa. Andiko la mradi linasema mwisho mhusika aende kupima, basi mhusika ataenda kupima, huwezi kugundua kwenye mazoezi kwamba huyu mtu kwa jinsi alivyo hawezi kwenda. Swali la yule dada kuhusu Bibi lisingekuwa na nafasi.

Halafu angalia jinsi hiyo pesa ilivyofika mpaka darasani. Kwa miaka mingi sana mtoto wa Tanzania kidato cha tatu na cha nne amesoma tamthilia tatu, Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu. Mbili kati ya hizo tatu ni za UKIMWI, na Kilio Chetu kwenye jalada jina lililokaa mahali pa mwandishi ni la taasisi, Medical Aid Foundation. Sisemi ni vitabu vibaya, vimewafundisha watoto jambo la uhai na kifo. Lakini fikiria, kizazi baada ya kizazi cha Watanzania wamekutana na sanaa ya jukwaa kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho wakiwa wanapewa somo la afya. Tungekuwa tumewekeza kwenye miswada mipya kila mwaka tungekuwa na ishirini za kuchagua.

Jirani zetu Kenya wana kitu ambacho nakionea wivu kwa moyo mweupe. Tamasha la kitaifa la drama la shule lilianza 1959, na mpaka leo kila mwaka shule zinaandika tamthilia mpya, zinapanda nazo kutoka ngazi ya chini mpaka taifa wakati wa likizo ya Aprili. Kila ngazi kuna majaji wanatoa maoni, shule inarudi nyumbani inarekebisha, inapanda tena. Hebu soma hiyo sentensi vizuri. Huo ni mfumo wa kukuza miswada, tena unaolipiwa kwa hela za shule, yaani za serikali na wazazi, na umewatoa waigizaji na waandishi wengi kweli. Kasoro yake naona ni mbili. Ya kwanza, ikishafika kilele na kuchezwa mbele ya rais tamthilia inakufa, msimu ujao inaandikwa nyingine, ni wachache wanaochukua ile nzuri kuipeleka kwa watu wazima wanaolipa kiingilio. Ya pili tuliiona Aprili 2025 Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kucheza tamthilia yao, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kucheza, wakafika, mwandishi wao amekamatwa, hakuna watazamaji ukumbini, polisi na mabomu ya machozi nje, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Watoto wa sekondari. Niliangalia ile video usiku nikashindwa kulala.

Kwa hiyo hofu ya kwamba pesa ya serikali inakuja na mkono wa serikali si hofu ya kubuni. Kenya hiyohiyo, Kamiriithu 1977, wanakijiji walijenga jukwaa lao wenyewe, mswada wakausoma pamoja kwa miezi, wazee wanarekebisha Kigikuyu cha waandishi, mfano bora kabisa wa kukuza tamthilia ninaoujua Afrika Mashariki, na hawakuchukua senti ya serikali. Onyesho likafutiwa kibali baada ya wiki kama sita, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini bila kesi, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ndo ujue kutochukua pesa hakukinga chochote. Kwetu Tanzania sheria ya 1976 imeweka michezo ya jukwaani na filamu chini ya paa moja, unaomba kibali kabla ya kuonyesha. Maana yake chombo cha umma kinakutana na mswada wangu mara ya kwanza kikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mimi ningependa mara ya kwanza tukutane kikiwa na kikombe cha chai, kinaniuliza unahitaji wiki ngapi.

Inawezekana. Uingereza walianzisha baraza lao la sanaa 1946, vita imeisha juzi, chakula bado kinagawiwa kwa kadi, mji wa London una mashimo ya mabomu. Wakaamua waziri anatoa fungu, ila nani apewe anaamua mtu mwingine asiye waziri. Mfumo wao una lawama nyingi na wenyewe wanazitoa kila siku, ila hiyo kanuni ya kumtenganisha mwenye fungu na mwenye kuchagua ni nzuri na haihitaji utajiri.

Najua kuna msomaji hapa ameshachoka, anasema hospitali hazina dawa wewe unataka hela ya maigizo. Namheshimu huyo mtu, mama yangu mwenyewe amekaa foleni hizo. Lakini tuwe wakweli kuhusu kiasi. Vikundi 20 kwa mwaka, kila kimoja 8,000,000, ni 160,000,000 kwa nchi nzima. Mwaka 2023 goli la mama, ile zawadi ya Rais Samia, lilianza kwa milioni 5 kila bao Simba na Yanga wanapocheza michuano ya Afrika, nilishangilia, mtaa mzima ulishangilia, na baadaye kiwango kikapanda. Milioni 160 ni mabao 32 kwa kile kiwango cha mwanzo. Tumekubali kama nchi kwamba furaha ya jioni moja ina thamani ya kulipiwa na umma, na mpira na sanaa viko wizara moja. Naomba tu kilichopatikana kwa mguu kipatikane na kwa kalamu.

Hofu kubwa zaidi kwangu ni upendeleo, maana tunajuana. Mjomba wa fulani, aliyesoma na fulani, mtu wa kampeni. Dawa ninayoiona ni watu watano au saba wanaosoma miswada, wasanii wanaofanya kazi, majina yao yajulikane kwa wote, wakae miaka miwili waondoke na wasiruhusiwe kuomba wakiwa humo, na miswada isomwe bila jina la mwandishi kwenye raundi ya kwanza. Orodha ya waliopata na kiasi walichopata ibandikwe hadharani. Na pesa isitoke kwa mkupuo, kidogo mwandishi akae aandike, kidogo watu wakutane wasome mezani na kufanya majaribio, kidogo kwa onyesho, na iruhusiwe kabisa kusimama hatua ya pili ikionekana haijaiva, bila mtu kuitwa mwizi. Hilo la mwisho ndo gumu kuliko yote kwa wakaguzi wetu. Mkaguzi anataka kuona onyesho, kaja na fomu, anauliza mlitumia hela mkaishia kusoma? Ndiyo mkaguzi, tuliishia kusoma, tumegundua haisimami, na tumeokoa milioni tano za ukumbi.

Kumbi nazo. Kila nikisema habari hizi kuna mtu anasema tunahitaji jumba la taifa la maonyesho, na kweli ni aibu Dar yenye mamilioni ya watu haina. Lakini Nairobi wana lao tangu 1952 na Kampala tangu 1959, na jengo halikuandika tamthilia. Mwaka 1976 tamthilia mbili za Wakenya zilizokuwa zinajiandaa kwenda FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, Lagos zilipata siku chache tu kwenye jumba lao wenyewe la taifa, kwa sababu kalenda ilikuwa imeshapangiwa burudani za wageni. Ukumbi wa Bagamoyo uliungua 2002, ukajengwa upya kwa msaada wa wafadhili, upo, mzuri, upepo wa bahari unaingia, na siku nyingi za wiki hauna tamthilia mpya ya kuonyesha. Kabla ya kumwaga zege mpya mimi ningeanza na kumbi za halmashauri na za jamii ambazo Jumatatu mpaka Alhamisi ziko tupu zikisubiri harusi ya Jumamosi. Mkurugenzi akiandika barua moja tu kwamba vikundi vilivyosajiliwa vifanye mazoezi humo siku hizo nne bila malipo, fagio na umeme tutachangia, hapo tayari umeshatoa ruzuku na hujagusa bajeti.

Yule dada wa Bibi sasa hivi yuko kwenye tamthilia ya televisheni, anacheza mama mkwe, anafanya vizuri sana, watu wanamsimamisha kwenye daladala. Tunaongea. Ananiuliza Bibi amefikia wapi. Mswada uko rasimu ya tatu, Bibi sasa anaishi mpaka tukio la nne na anasema kila kitu kuhusu vitumbua na ile nyumba, ila mwisho bado haujakaa na siwezi kujua kwa nini mpaka nisikie watu wakiusema kwa sauti. Nahitaji watu sita, siku kumi, chumba chochote chenye viti. Kwa nauli na chakula ni shilingi 600,000.